Kundi la kazi za likizo limemfikisha binti yangu kwa watu nisiowajua: nichague programu ipi ya kutumiana ujumbe?

MamaWawili_Kimara

Habari zenu wana jukwaa. Ninaomba ushauri wa wale waliokwisha kupita njia hii, na mnivumilie kwa urefu wa maelezo, kwa sababu kila ninapoeleza kwa kifupi kwamba mtoto wangu anatumia WhatsApp, watu nao hunijibu kwa kifupi kwamba nimnyang'anye simu, na mazungumzo yanaishia hapo.

Nina watoto wawili: binti wa miaka 11 anayesoma darasa la sita, na kaka yake wa miaka 14 aliye kidato cha pili katika shule ya bweni. Shule zilipofungwa mwezi wa 12, mwalimu wa darasa la binti alifungua kundi la WhatsApp la kutumia kazi za likizo, nasi wazazi tukaambiwa tutoe namba. Sikutaka simu yangu ya kazi ijae mazoezi ya hisabati, kwa hiyo nilitoa namba ya laini iliyokuwa kwenye simu ya zamani ya baba yao, na simu hiyo ikabaki mikononi mwa mtoto. Ninakiri kwamba hilo lilikuwa kosa langu. Kundi lenyewe lilikuwa na namba za wazazi, za watoto, za wadada wa kazi, na nyingine ambazo hadi leo hakuna ajuaye ni za nani. Kabla ya Krismasi mtu mmoja alikwisha kumwandikia binti pembeni, "Mambo mrembo, unasoma wapi?", na siku mbili baadaye mtoto akajikuta ameingizwa katika kundi jingine lenye watu zaidi ya 400, linalotangaza ajira na zawadi. Hakujibu chochote; aliniletea simu mwenyewe, na kwa hilo ninamshukuru Mungu.

Sasa ushauri ninaoupata unagongana. Mfanyakazi mwenzangu anasema nimwekee Signal kwa kuwa ndiyo salama kuliko zote. Mdogo wangu aliyeko Dubai anataka nimwekee mtoto BOTIM ili wazungumze, maana simu za WhatsApp kule hazipiti. Binamu zao wa Mwanza wapo Telegram, na kaka mtu anadai kwamba wenzake wote wana Snapchat na yeye peke yake ndiye aliyebaki nyuma. Jana mtu mwingine akanitumia kiungo cha programu ya kupeleleza simu ya mtoto bila yeye kujua. Je, ipo programu iliyo salama kweli kwa mtoto wa umri huu? Na nimsimamie vipi bila kumfundisha kunificha mambo?

FundiSimu_Kkoo

Pole sana mama, na umpongeze binti kwa kukuletea simu, maana watoto wengi hufuta ujumbe na kunyamaza. Mimi ninatengeneza na kuuza simu, na swali lako ninaulizwa mara kwa mara na wazazi wanaokuja kumnunulia mtoto simu ya mtumba. Huwa nawajibu kwa kuwauliza swali: ndani ya programu hiyo, ni nani anayeweza kumfikia mtoto bila kupita kwako? Usipokuwa na jibu la swali hilo, jina la programu halitakufaa kitu.

Anayekuambia kwamba Signal ni salama kuliko zote anazungumzia usiri, nawe unauliza kuhusu ulinzi wa mtoto, na hayo ni mambo mawili. Katika Signal ujumbe hufungwa kwa fumbo ndani ya simu ya mtumaji na kufunguliwa ndani ya simu ya mpokeaji tu, hata wenye programu hawawezi kuusoma njiani. WhatsApp nayo hutumia fumbo hilohilo, lililobuniwa na watu wa Signal, kwa mazungumzo yote tangu mwaka 2016. Lakini fumbo linamzuia mdukuzi aliye njiani. Halimzuii mtu aliye upande wa pili wa mazungumzo, na huyo wa "mambo mrembo" alikuwa upande wa pili. Kwake yeye fumbo ni pazia la kumsitiri. Sisemi kwamba Signal ni mbaya. Inaendeshwa na taasisi isiyotafuta faida iliyoanzishwa mwaka 2018, haina matangazo, haina makundi ya wazi ambayo mtoto anaweza kuyatafuta na kuyaingia, na tangu 2024 mtu anaweza kutumia jina la utambulisho badala ya kuonyesha namba yake. Kwa kundi la ukoo ninaipenda. Ila haina sehemu yoyote ya mzazi, na masharti yake yanataka mtumiaji awe na miaka 13.

Umri huo wa miaka 13 utaukuta karibu kila mahali, na WhatsApp imo. Chimbuko lake ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayozuia kampuni kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya umri huo bila idhini ya mzazi. Kampuni nyingi zikaona heri kuwakataa watoto hao kuliko kuhangaika na idhini. Kwa hiyo usidhani kwamba kuna mtu aliyepima ukomavu wa watoto akakuta kwamba siku ya kutimiza miaka 13 mtoto huwa tayari. Hata hivyo, kwa binti wa miaka 11 ninashauri uuheshimu mpaka huo, na usimfundishe mtoto kudanganya umri kwenye akaunti ya kwanza kabisa ya maisha yake.

Telegram nisingempa hata huyo wa miaka 14. Mtoto akiandika neno moja kwenye sehemu ya kutafuta, anafunguliwa makundi na chaneli za watu asiowajua, na kundi moja linaweza kuwa na watu hadi 200,000. Mazungumzo ya kawaida humo hayafungwi kwa fumbo la mwanzo hadi mwisho mpaka wewe mwenyewe ufungue mazungumzo ya siri, jambo ambalo wanaoisifu Telegram kwa usalama huwa hawalisemi. Hadi Septemba 2024 palikuwa hata na sehemu ya kukuonyesha watumiaji walio karibu nawe, wameiondoa. Vijana wetu huingia humo kutafuta muvi na mikeka ya kubeti, na kutoka kwenye mikeka hadi kwenye "konekisheni", yaani video za ngono, ni hatua moja. Mzazi asiyeamini amtajie neno hilo kijana yeyote wa sekondari, atamwona anavyoangalia chini.

Kuhusu Snapchat, ujumbe hufutika baada ya kusomwa, na kuna ramani inayoweza kuonyesha mahali mtoto alipo akiiruhusu. Tangu 2022 wameweka sehemu ya familia ambamo mzazi huona mtoto amewasiliana na nani katika siku 7 zilizopita, bila kuona walichoandikiana. Ni afadhali kidogo, lakini mzazi naye lazima awe na akaunti humo.

Programu niliyoiona imejengwa kwa kufuata swali langu la mwanzo ni Messenger Kids, iliyotoka Desemba 2017 kwa watoto wa miaka 6 hadi 12. Haihitaji namba ya simu, haina matangazo, na mzazi ndiye anayeidhinisha kila rafiki kupitia akaunti yake ya Facebook. Nayo si ya kuaminiwa ukafumba macho: mwaka 2019 iligundulika kwamba watoto waliweza kuingia katika makundi yenye watu ambao wazazi wao hawakuwaidhinisha, kampuni ikalazimika kuyafunga makundi hayo na kuwaarifu wazazi. Tatizo kubwa zaidi, kwa uzoefu wangu, ni kwamba ukimwekea binti yako peke yake atakuwa amekaa kwenye chumba kitupu, kwa sababu wenzake wote wako WhatsApp. Angalia kwanza kama inapatikana kwenye duka la programu la simu yako, kisha zungumza na wazazi wawili watatu wa marafiki zake.

BOTIM ni programu yenye kibali cha kupiga simu huko Emirates, na ndiyo sababu mdogo wako anaitaka. Iweke kwenye simu yako, binti azungumze na mama yake mdogo akiwa sebuleni, basi.

Kwa hiyo jibu langu kwa binti ni kwamba asiwe na akaunti yake kwa sasa. Itoe namba ile kwenye kundi la darasa, uingize yako, na mazoezi ya hisabati uyavumilie.

BabaJ_Mbagala

Maelezo yote hayo ya nini? Mtoto wa darasa la sita mpe kitochi, apige na kupokea. Sisi tulikua bila hizo programu na kazi za likizo tulifanya.

FundiSimu_Kkoo

Kaka, kitochi sikipingi, na kwa umri huo ninaviuza vingi. Ila usidhani kuwa kimefunga mlango. Wale wa "ile hela itume kwenye namba hii" na wale wa kujiunga na Freemason hawaulizi kama simu ni ya kupapasa au ya vitufe. Mfundishe mtoto kwamba ujumbe wa namna hiyo anakuletea wewe, kisha wewe unausambaza kwenda 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kupokea taarifa za matapeli.

Mwalimu_Tanga

Ninaomba nichangie kama mtu niliyefundisha shule ya msingi na baadaye sekondari kwa jumla ya miaka 20 na ushee. Fundi amezungumzia milango, nami nizungumzie wanaoingia, kwa sababu mazungumzo haya huwa na kasoro moja: tunamfikiria mgeni tu. Ripoti iliyotolewa mwaka 2022 na UNICEF, ECPAT na INTERPOL kuhusu unyanyasaji wa watoto mtandaoni hapa Tanzania ilionyesha kwamba mara nyingi mhusika ni mtu ambaye mtoto anamfahamu tayari, na hicho ndicho nilichokiona mimi shuleni. Anaweza kuwa jirani, mwalimu wa tuisheni, kaka wa rafiki, au dereva wa gari la shule. Kwa hiyo ile orodha ya namba zilizohifadhiwa, ambayo programu zote huichukulia kuwa ni ya watu salama, ikaguliwe kwa jina moja moja, ukiwa umekaa na mtoto, akueleze kila mmoja ni nani na namba yake aliipataje.

Mwenendo wao haubadiliki sana. Huanza kwa salamu ndani ya kundi, kisha huja pembeni. Halafu humwambia mtoto wahamie programu nyingine, kwa kisingizio kwamba hii inakula bando au simu yake ina tatizo. Kuhamahama huko ni dalili kubwa kuliko maneno yenyewe, kwa sababu mtu mwema hana haja ya kumtoa mtoto mahali ambapo mama yake anapaona. Baadaye huja zawadi, na hapa kwetu zawadi ya kwanza siyo pipi bali ni bando. Mtu akiwa na namba ya mtoto anaweza kumnunulia kifurushi akiwa popote, bila kuonekana na yeyote mtaani. Nimekwisha kuwaambia wazazi mara nyingi: ukimkuta mtoto yuko hewani na wewe hukumwekea vocha, usianze kwa kumgombeza, anza kwa kumuuliza bando limetoka wapi. Ombi la picha huja mwisho kabisa, na likitimizwa mara moja, vitisho vinafuata. Kwa wavulana wakubwa kama huyo wa kidato cha pili, anayejifanya msichana mara nyingi hutafuta pesa, na atataka itumwe siku hiyohiyo.

Likishatokea, msifute kitu. Kwa mazungumzo ya kawaida piga picha ya skrini, na kama ujumbe umewekwa kujifuta, piga picha kwa simu nyingine kabla haujatoweka, kwa kuwa WhatsApp huruhusu ujumbe ujifute baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Lakini ikiwa ni picha ya utupu ya mtoto, tafadhali usiinakili wala kumtumia mtu yeyote, hata awe mjomba wake, hata kwa nia ya kuomba ushauri, kwa sababu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za aina hiyo. Ichukue simu yenyewe uipeleke kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi. Kabla ya hapo, au kama hujui pa kuanzia, piga 116, simu ya kuwasaidia watoto, ambayo hailipiwi na ambayo mtoto mwenyewe pia anaweza kuipiga.

Neno la mwisho ni la walimu wenzangu. Kundi la kazi za likizo halikuhitaji kuwa hivyo. Msimamizi anaweza kuweka kwamba wasimamizi pekee ndio wanaotuma ujumbe, na akitumia orodha ya matangazo badala ya kundi, kila mzazi hupokea kazi kama ujumbe wake binafsi bila kuiona namba ya mwingine. Orodha moja hubeba hadi watu 256, idadi inayotosha hata kwa madarasa yetu yenye msongamano. Sharti ni kwamba wazazi wawe wameihifadhi namba ya mwalimu, vinginevyo ujumbe hauwafikii. Mama, mpelekee mwalimu wa binti pendekezo hilo kwa upole. Mara nyingi hatufanyi hivyo kwa kutojua tu.

MamaWawili_Kimara

Ahsanteni sana. Mwalimu, hilo la bando limenikaa kifuani, kwa sababu kwa kweli sijawahi kujiuliza. Nimeangalia, na la binti lilikuwa ni lile nililomwekea mimi.

Ninabaki na maswali mawili. Huyu wa kidato cha pili ana akaunti ya WhatsApp tayari na sitaki kuifunga, kwa kuwa shuleni hawaruhusiwi simu na likizo ndiyo nafasi yake pekee ya kuongea na wenzake. Nimwekee nini? Na ile programu ya upelelezi, kuna aliyewahi kuitumia?

FundiSimu_Kkoo

Nianze na upelelezi, maana wateja huniletea hilo wakinong'ona. Siziweki programu hizo kwenye simu ya mtu. Ili ifanye kazi ni lazima nizime ulinzi wa simu yenyewe, na kuanzia hapo picha, ujumbe na mahali alipo mwanao vinakwenda kwenye kompyuta za watu usiowajua. mSpy, ambayo ni maarufu miongoni mwa programu hizo, taarifa zake zilivuja mwaka 2015, zikavuja 2018, na zikavuja tena 2024. Utakuwa umemlinda mtoto dhidi ya mtu mmoja kwa kumweka hadharani. Kisha siku atakapoigundua, na huyu wa kidato cha pili ataigundua, hatakuletea tena simu kama dada yake alivyokuletea.

Ukitaka usimamizi halali kwenye Android, tumia Family Link ya Google, ambayo hailipiwi. Kila programu anayotaka kuisakinisha inakuja kwako kuombewa ruhusa, unapanga saa ya simu kujifunga usiku, na unaona simu ilipo. Haitakuonyesha ujumbe wake, na kwa maoni yangu hiyo ni sawa. Hakikisha ruhusa ya kusakinisha programu kutoka nje ya duka imezimwa, kwa kuwa vijana hurushiana programu kwa Xender, na kinachorushwa zaidi ni GBWhatsApp. Hiyo ni WhatsApp iliyochezewa na watu wengine, yenye vitu vya kuficha hiki na kile. Haina dhamana ya yeyote, na akaunti inaweza kufungiwa. Kama rangi ya WhatsApp ya kijana wako haifanani na ya kwako, tazama vizuri. Kwa wenye iPhone, mambo mengi ya namna hii yamo ndani ya simu yenyewe, pamoja na kufifisha picha za utupu anazotumiwa mtoto kwenye programu ya ujumbe ya Apple, jambo lililoanza Desemba 2021. Lakini huko si uwanja wangu mkubwa.

Ndani ya WhatsApp yake, kaeni pamoja mfungue mipangilio ya faragha. Kuingizwa kwenye makundi kuwe kwa namba alizohifadhi pekee. Picha yake na muda aliokuwa hewani navyo vivyo hivyo. Simu za watu asiowajua zinyamazishwe. Hapo kuna tundu ambalo wengi hawalioni: rafiki yake aliyehifadhiwa bado anaweza kumwingiza katika kundi la watu 400, kwa hiyo mwambie kwamba kutoka kwenye kundi si utovu wa adabu. Zima upakuaji wa picha na video unaofanyika wenyewe, bando litapona na uchafu wa makundi hautaingia kwenye picha zake. Weka ulinzi wa hatua mbili wenye namba ya siri ya tarakimu 6 unayoijua na wewe, na barua pepe ya kurejeshea akaunti iwe yako. Laini yenyewe bila shaka imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Bonyeza *106# uone ni namba zipi zipo kwa jina lako, na akiwa shuleni uwe unaiwekea vocha mara mojamoja, maana laini ikilala muda mrefu inaweza kupewa mtu mwingine.

Mwisho, fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. WhatsApp moja inaweza kuunganishwa na vifaa vingine vinne, na mtu akiishika simu ya kijana kwa dakika moja anaweza kuiunganisha na kompyuta yake akawa anasoma kila kitu. Mkikuta kifaa msichokijua, kiondoeni. Wapo wazazi wanaounganisha simu zao kwa njia hiyohiyo. Ukifanya hivyo, iwe kwa yeye kujua.

Dada_Kisumu

Nawasalimu kutoka Kenya. Nakubaliana na mengi, ila kwenye kuunganisha simu ya mzazi na ya kijana wa miaka 14 ninatofautiana na fundi, hata kama kijana anajua. Mazungumzo yale si yake peke yake. Humo kuna wenzake wanaomweleza shida za kwao wakiamini wanaongea na rafiki, nao hawakukuidhinisha wewe. Kwa mwanangu wa umri huo nilikubaliana naye kwamba ninaweza kuomba kuiona simu mbele yake, naye anaweza kuniuliza ninatafuta nini, na nisipokuwa na sababu ninaiacha. Nimewahi kuiacha mara mbili.

Kuhusu Telegram ninaongeza jambo ambalo mzazi wa mwanafunzi wa sekondari hawezi kulipuuza. Hapa kwetu ilivurugwa wakati wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mnamo Novemba 2023, na tena Novemba 2024, kwa sababu ya chaneli zinazodai kuuza karatasi za mtihani. Nyingi ni za matapeli tu. Ninachokiogopa ni kwamba mtoto mwenye bidii, asiye na mpango wowote wa kutafuta uchafu, hujiunga humo kwa ajili ya mtihani na anakuwa amewapa namna ya kumfikia watu wazima wanaojua kwamba ana hofu na kwamba hawezi kumwambia mzazi. Kijana wako yuko kidato cha pili na kwenu kuna mtihani wa taifa mwaka huo, kwa hiyo zungumza naye kuhusu Telegram ukiitaja kwa jina. Namba 116 hata huku ndiyo ya watoto.

Mwalimu_Tanga

Dada, hoja ya siri za wenzake ni nzito, na sikuwa nimeifikiria. Bado ningemtofautisha mtoto ambaye dalili zimekwisha kuonekana. Huyo nitaisoma simu yake yote, nitamwambia kwamba ninaisoma, na nitavumilia anichukie kwa muda.

MamaWawili_Kimara

Narudi kuwaeleza tulipofika, kwa kuwa naona mada inasomwa na wengi. Akaunti ya binti tumeifuta pamoja, yeye mwenyewe ndiye aliyebonyeza, na kundi la darasa sasa liko kwenye simu yangu. Amepewa kitochi, BabaJ atafurahi. Mama yake mdogo anampigia kupitia simu yangu kila Jumamosi jioni. Kwa kijana tumekaa karibu saa nzima. Kundi la mikeka lilikuwepo, na kulikuwa na kompyuta moja iliyounganishwa ambayo baadaye tulikumbuka kuwa ni ya mtu wa steshenari alikokwenda kuchapisha kazi yake ya shule. Simu yangu sikuiunganisha. Snapchat nimekataa hadi mwisho wa kidato cha pili, amenuna, na mjadala huo haujaisha. Mwalimu wa darasa nimemtumia lile pendekezo la orodha ya matangazo, amejibu "sawa mama, tutaliangalia", na shule zinafunguliwa hivi karibuni.

Tulipokuwa tunakagua namba, binti aliniuliza yule mtu alijuaje kwamba yeye ni mwanafunzi. Nilimwambia kwamba ni kwa sababu ya kundi. Akafungua WhatsApp yangu mimi, akanionyesha picha yangu ya utambulisho, ambayo ni yeye siku ya mahafali ya darasa la awali, amevaa sare na nembo ya shule inasomeka. Nilikuwa nimeiacha wazi kwa kila mwenye namba yangu tangu akiwa na miaka sita. Nimeiondoa, na nimeweka ua.